Nimeuziwa picha ya Carabo iliyokatwa milango

Msinunue picha za magari kwenye duka hili. Nimeliangalia bango langu tena asubuhi hii na hasira zimenipanda upya.

Niliagiza picha kubwa ya Alfa Romeo Carabo, gari la maonyesho la Kiitalia, picha ya matangazo ya enzi zake, gari limesimama milango yote miwili ikiwa juu. Ikaletwa baada ya wiki kadhaa: imefungwa vizuri, fremu nyeusi safi, karatasi nzito. Nikafungua. Milango haina ncha! Aliyeichapa aliona picha haienei kwenye fremu, akaikata kwa juu mpaka ikaenea. Milango inapanda, inapanda, halafu inaishia kwenye ubao.

Kuna watakaosema ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Carabo lilichorwa na Marcello Gandini akiwa Bertone, kampuni ya Kiitalia ya kubuni magari, likaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Paris mwaka 1968, na ile milango ya kuinuka kwenda mbele na juu ndiyo iliyowaacha watu midomo wazi. Mwaka 1971 ikaonekana tena Geneva, kwenye Lamborghini Countach. Gari lenyewe ni kabari tupu: pua imelala chini, mstari mmoja unapanda juu ya kioo hadi paa, nyuma pamekatwa ghafla. Kimo chake hakifiki hata mita moja. Sasa gari fupi hivyo, mpiga picha afanye nini ili limshtue msomaji wa gazeti? Anainua milango, anaacha nafasi tupu juu yake. Ile nafasi ndiyo inayokuonyesha gari limelala kiasi gani. Wao wameiona ni uchafu, wakaifyeka.

Na lilitengenezwa moja tu. Wengi wetu tunalijua kwa picha, basi. Ukiharibu picha umeharibu kila kitu tulicho nacho.

Mimi nina bahati ya kuishi karibu na Milano, nimeliona kwa macho yangu kwenye makumbusho ya Alfa Romeo kule Arese. Ni kijani cha mng'ao, kile cha mgongo wa mbawakawa, maana jina lake limetokana na wadudu hao, na kingo za mbele na nyuma ni rangi ya chungwa inayowaka. Kwenye bango langu kijani kimepauka, na chungwa limekuwa kahawia. Kahawia!

Nikalirudisha dukani. Kijana wa kaunta hakulishika hata kulishika. Akasema, "Gari si linaonekana, bwana?" Nikamwonyesha milango kwa kidole. Akajibu kuwa hakuna mteja mwingine aliyelalamika, akaendelea na simu yake. Nilitoka pale natetemeka.

Lakini haki lazima niitende. Siku ileile niliagiza na picha ya Lancia Stratos Zero, gari la Bertone la mwaka 1970, nalo la Gandini. Hilo lina kimo cha sentimita 84 tu na halina milango ya ubavuni. Kioo cha mbele kinainuliwa, dereva anapitia hapo. Inasimuliwa kwamba Nuccio Bertone, mkuu wa kampuni hiyo, alilipeleka mwenyewe kwa wakubwa wa kiwanda cha magari cha Lancia, akapita chini ya kizuizi cha getini bila kizuizi kuinuliwa. Picha niliyoletewa ni ya ajabu. Kioo kimefunguliwa, pembeni amesimama mtu, na paa linamfika mapajani. Hawakukata chochote. Weusi ni weusi kweli, mwanga unateleza kwenye bati kuanzia pua hadi nyuma. Wageni wakiingia sebuleni wanaiendea hiyo kwanza. Kwa picha hiyo peke yake ningemwambia mtu yeyote aende akanunue pale, tena leo.

Ndiyo maana nimezidi kukasirika. Kumbe wanaweza! Aliyechapa Zero alijua kwamba ukimwondoa yule mtu, gari linaweza kuwa la kimo chochote. Basi Carabo walishindwaje? Walikuwa na fremu ya kipimo kimoja wakaona wasijisumbue kutengeneza nyingine.

Ukienda, usilipe kabla hujaonyeshwa picha itakavyokaa kwenye fremu, pembe zote nne. Nimewapa nyota moja. Pesa yangu siidai tena, naidai milango ya Carabo.