Karatasi ya bwawa ya HDPE: kuvuja inazuia, mafuriko haiyawezi

Kwa kazi yake hasa, yaani kuzuia maji yasinywewe na udongo, karatasi nyeusi ya HDPE (aina ya plastiki ngumu ya kutandika bwawani) tunaipa alama nne kati ya tano. Kasoro iko kwenye namna inavyouzwa: utaambiwa ukishatandika karatasi na kuweka bomba la inchi 4 la kutolea maji ya ziada, bwawa limekamilika. Halijakamilika.

Madukani kuna unene wa milimita 0.5, 0.75 na 1.0. Ya 0.5 inatosha shimo lililochimbwa kwenye udongo laini usio na mawe wala mizizi. Penye changarawe, au mahali mbuzi watafika kunywa, chukua 0.75. Maandishi ya kwenye roli usiyategemee, pima uzito. Kila mita ya mraba ya 0.5 ina gramu 470 hivi. Ikitoka 380, umeuziwa 0.4. Rangi nyeusi nayo si urembo: ni kaboni inayokinga jua, kwa hiyo ya rangi ya bluu muulize muuzaji itadumu vipi.

Chukua bwawa la mita 20 kwa 10 juu, kina mita 2, kingo zikilala mita 1.5 kwa kila mita 1 ya kina. Sakafu inabaki mita 14 kwa 4, na kila ukingo una urefu wa mita 3.6. Ongeza mita 1 kila upande ya kufukia kwenye mtaro wa nusu mita kwenda chini: mita 23.2 kwa 13.2. Agiza 24 kwa 14, na roli ya 0.5 iwe na kilo 158 hivi. Ukiacha nusu mita juu bila maji, unahifadhi lita 155,000. Tandika asubuhi, uache ulegevu kidogo, maana karatasi husinyaa baridi ikiingia. Ikitoboka, gundi haishiki HDPE. Inataka kuchomelewa kwa joto.

Sasa lile bomba. Mteremko wa hekta 5 unaomwaga maji bwawani, mvua ikipiga milimita 50 kwa saa na nusu yake tu ikatiririka, unaleta takriban lita 350 kwa sekunde. Bomba la inchi 4 hutoa lita 15 hivi, tena kama halijazibwa na majani. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi.

Maji yanayobaki hupita juu ya tuta, yaani ukingo wa udongo uliojazwa kuzuia maji ya bwawa. Hutafuta sehemu iliyodidimia, hata kwa vidole viwili tu, yanachimba uso wa nje, na ngazi ndogo ya udongo inaanza kurudi nyuma kuelekea bwawani. Karatasi iko upande wa ndani, nzima kabisa. Udongo unaoiegemeza ukiisha, inachanika kwa mkupuo mmoja.

Tuta la udongo la bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilikatika usiku wa 9 Mei 2018 katika masika mazito, na watu wasiopungua 47 walikufa. Ukubwa nao si kinga. Dhoruba Daniel ilipopiga Libya Septemba 2023, Al-Bayda ilipimwa milimita 414 za mvua kwa saa 24. Juu ya mji wa Derna, bwawa la Abu Mansour, tuta la mawe la mita 75 lenye kiini cha udongo wa mfinyanzi, lilizidiwa na maji, likabomoka. Maji yake yakaliangukia bwawa la pili, la mita 45, karibu na mji. Maelfu walikufa.

Kwa mfano wetu, kinachotakiwa ni utoro wa maji, yaani mfereji wazi wa kupitishia maji ya ziada, wenye upana wa mita 2.5, sakafu yake ikiwa nusu mita chini ya kilele cha tuta, ili maji yapite kwa kina cha sentimita 20 na ibaki sentimita 30 ya akiba. Uchimbwe pembeni, kwenye ardhi ya asili, kamwe si juu ya udongo uliojazwa. Pandikiza nyasi au panga mawe, na umwage mbali na mguu wa tuta.

Bomba lililopitishwa ndani ya tuta lina hatari nyingine: maji hufuata ubavu wake wa nje na kuhamisha udongo kidogo kidogo. Mwambie muuzaji aliondoe kwenye ankara, na pesa hiyo iwalipe vibarua wa kuchimba utoro.