Uzoefu wangu: Seti ya geji za hesi kwa pikipiki za zamani za Uingereza

Mwenye pikipiki ya zamani ya Uingereza akitafuta bolti moja tu ya kubadilisha, hukabiliwa na swali ambalo mwenye pikipiki ya Kijapani hana haja ya kujiuliza: bolti hii ina hesi (mkato wa meno ya skrubu) ya aina gani? Mimi natunza BSA A10 ya mwaka 1958, yenye injini ya sentimita za ujazo 650, iliyoundwa katika kiwanda cha Small Heath hapa Birmingham ninapoishi, na kwa muda sasa nimekuwa nikitumia seti ya geji za hesi ambayo muuzaji aliinadi kuwa inatosha kwa pikipiki zote za Uingereza. Ina mafungu matatu ya vibamba vyembamba vya chuma vinavyokunjuka kama kisu cha mfukoni. Fungu la kwanza ni la hesi ambazo pembe ya jino ni digrii 55, la pili ni la digrii 60, na la tatu, lililo dogo kuliko yote, ni la hesi za BA, kipimo cha skrubu ndogo, zenye digrii 47 na nusu. Naitumia pamoja na kalipa ya dijitali, kifaa cha kupima unene, na ni vyema niseme mapema kwamba bila kalipa geji hizi ni nusu ya kifaa.

Sababu ya kuhitaji mafungu matatu ni historia ya viwanda vyenyewe. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake cha hesi mwaka 1841, na hicho ndicho BSW, cha digrii 55, chenye meno makubwa yaliyoviringwa kileleni na bondeni. Mwaka 1908 kilifuata BSF, chenye umbo lilelile lakini meno madogo zaidi. Watengenezaji wa baiskeli walikuwa wameshajiwekea kipimo chao tangu 1902, cha digrii 60, kinachoitwa CEI au BSC, na kwa kuwa makampuni mengi ya pikipiki yalitokana na baiskeli, kipimo hicho kilihamia kwenye pikipiki na kubaki humo kwa zaidi ya nusu karne. Vifaa vya umeme vya Lucas vilikuja na skrubu za BA, mabomba yakaja na BSP, na hatimaye, baada ya makubaliano ya 1948 kati ya Marekani, Kanada na Uingereza, zikaja hesi za digrii 60 za UNF (meno madogo) na UNC (meno makubwa), ambazo viwanda vya pikipiki havikuzipokea kwa wingi hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana pikipiki ya Triumph iliyotoka kiwanda cha Meriden karibu na mwaka 1969 inaweza kuwa na hesi za zamani na mpya katika injini moja, jambo ambalo A10 yangu, kwa bahati, imeepuka.

Nichukue bolti za inchi 5/16, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo zinazosumbua. Kalipa itaonyesha milimita 7.9 hivi, au pungufu kidogo ikiwa hesi zimelika, na kipimo hicho hakikuambii chochote zaidi. Bolti ya unene huo ikiwa BSW ina meno 18 kwa inchi, ikiwa BSF ina 22, ikiwa UNF ina 24, na ikiwa CEI ina 26. Juu ya hayo, bolti ya kawaida ya M8, ya kipimo cha milimita, ina unene wa 8.0, tofauti ambayo uchafu peke yake unaweza kuifunika, na meno yake yanakaribia 20 kwa inchi. Hapa ndipo geji inapolipa gharama yake. Nasafisha bolti kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nalaza kibamba kwenye hesi, kisha naviinua vyote viwili mbele ya taa. Kibamba sahihi hakiachi mwanga upite. Kisicho sahihi hukaa vizuri kwenye meno mawili matatu ya mwanzo, halafu huanza kupanda. Kwa bolti fupi inafaa kuwa mwangalifu mno, kwani katika nusu inchi tofauti ya UNF na CEI ni jino moja tu, 12 dhidi ya 13.

Vibamba vya fungu la digrii 55 vimekatwa vizuri na namba zake zinasomeka bila miwani. Fungu la BA nalo limenifaa sana kwenye magneto ya K2F, inayotoa cheche za kuwasha injini, na dinamo, ambako skrubu ni ndogo na nyingi zilikuwa zimebadilishwa na wamiliki waliotangulia kwa chochote kilichoingia. BA ni kipimo cha ajabu kidogo: ni cha Kiingereza, lakini kimejengwa juu ya milimita, kiasi kwamba 0BA ina unene wa milimita 6 na mwendo (umbali kati ya jino na jino) wa milimita 1, sawasawa na M6. Kinachozitenganisha ni pembe ya jino tu, nayo kwa macho matupu haionekani.

Dosari kubwa ya seti hii iko katika fungu la digrii 60. Linaruka kutoka meno 24 hadi 28, na 26 hakipo. Yaani kipimo cha CEI, ambacho ndicho roho ya pikipiki za Uingereza za kabla ya 1968, hakimo katika seti inayouzwa kwa ajili ya pikipiki hizo. Kibamba cha meno 26 kimo katika fungu la digrii 55 kwa sababu BSF ya robo inchi ina meno 26, na ndicho ninachokitumia: kinahesabu meno vizuri, ila hakiwezi kuthibitisha pembe. Kwa robo inchi, BSF na CEI hutofautiana kwa pembe pekee, na mafundi wengi huzibadilishana bila shida kwenye sehemu zisizobeba mzigo. Kwa unene mwingine idadi ya meno yenyewe inatosha kuzitofautisha. Hivyo dosari hii haikwamishi kazi, lakini muuzaji angepaswa kuisema. Nilinunua kando nati mpya za CEI za robo, 5/16 na 3/8, ambazo sasa hukaa katika kisanduku kimoja na geji. Nati ikiingia kwa vidole hadi mwisho bila kukaza wala kucheza, hakuna haja ya kubishana na kibamba.

Seti haina msaada kwa yule anayepima tundu badala ya bolti, isipokuwa tundu liwe pana. Kwenye kasha la injini hili ni tatizo halisi, maana stadi, zile bolti zisizo na kichwa, mara nyingi zina BSW upande unaozama katika alumini, kwa kuwa meno makubwa hushika vyema metali laini, na hesi ndogo upande wa nati. Ukipima upande unaoonekana ukadhani umeujua wa ndani, utaagiza stadi isiyofaa. Hatari zaidi ni M6 katika tundu la robo inchi lenye meno 26: mwendo wake ni milimita 0.98, karibu kabisa na 1, kwa hiyo bolti nyembamba ya M6 huingia, huonekana kukaza, na hushikilia kwa ncha za meno tu.

Vilevile isitarajiwe kwamba spana itakupa jibu. Spana iliyoandikwa 1/4W (W ni Whitworth) hufungua kichwa chenye upana wa inchi 0.525, na kichwa hicho kinaweza kuwa cha BSW ya robo, BSF ya 5/16 au CEI ya 5/16. Na usiamini jina kwenye mabomba. Koki ya petroli ya tangi langu ni ya BSP ya robo inchi, lakini kalipa inasoma zaidi ya milimita 13, kwa sababu robo hiyo inahusu tundu la bomba la asili wala si unene wa hesi. Kibamba cha meno 19 kwenye fungu la digrii 55 huitambua mara moja, na ni kibamba ambacho seti nyingi za bei ya chini hazina. Plagi ndiyo pekee isiyohitaji geji: ni ya milimita 14, hata kwenye BSA.

Kwa mwenye BSA, Norton au Matchless ya miaka ya 1950, seti hii naipendekeza pamoja na nati za CEI zinazonunuliwa kando. Kwa mwenye Triumph ya miaka ya mpito naipendekeza zaidi, kwa sababu huko hata kitabu cha vipuri hakitoshi ikiwa injini imewahi kufunguliwa. Vibamba vyake huja vikavu kabisa na hushika kutu haraka katika gereji yenye unyevu, kwa hiyo vipakwe mafuta siku vinapofika.