Chuma kimepewa tiki ya kijani: uzoefu wangu na programu ya kupima eksirei za nyonga

Jina la programu silitaji. Leseni imelipiwa na idara, na mimi bado nakula kwenye sahani ya idara. Aliyewahi kuitumia ataitambua kwa ile tiki ya kijani inayotokea pembeni ya kila picha ikishamaliza kupima. Tiki nene, inajiamini kuliko daktari bingwa.

Naipa nyota mbili. Nimeanza na moja nikaongeza, na huenda nikaipunguza kabla sijamaliza kuandika.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu Uholanzi. Nashughulika na osteoathraitisi ya nyonga, ule ugonjwa ambao kwetu Tanga mtu anaambiwa "mafuta ya kiungo yameisha". Si mafuta, ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ila ukishaeleza mara tatu kwenye msiba mmoja unaacha. Na gegedu lenyewe kwenye eksirei halionekani. Unachokiona ni mfupa, na ule uwazi mweusi kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe kinachokibeba. Tunapima uwazi, tunakisia gegedu. Uwazi ukishuka chini ya milimita 2.5 tunaanza kushuku, ukifika 1.5 kwenda chini hali imekuwa mbaya. Shikeni hapo kwenye uwazi mweusi, maana ndiko nilikoaibikia.

Tusidanganyane, nilianza na programu hii kwa mapenzi. Kabla yake nilikuwa nasoma picha kwa macho, kwa madaraja ya ugonjwa ya Kellgren na Lawrence ya mwaka 1957, sifuri (nzima) mpaka nne (mbaya kabisa), yale ambayo madaktari wawili wakikalishwa mbele ya picha moja wanaweza kuinuka na madaraja mawili. Msimamizi wangu alinipa picha mia moja nizisome. Wiki kadhaa baadaye akanipa zilezile, amezichanganya, wala hakuniambia. Nilijipinga mwenyewe! Nyonga niliyoipa 2 nimeipa 1, nyingine 1 imekuwa 3, na saini ni yangu pande zote mbili. Basi ilipokuja programu isiyochoka, isiyokuwa na Jumatatu, ukiipa picha moja mara hamsini inakurudishia jibu lilelile mpaka desimali ya pili, mimi ni nani nisiipende?

Picha zangu zilikuwa za OAI (Osteoarthritis Initiative), mradi wa Marekani ulioanza mwaka 2004 kufuatilia watu 4,796 wa umri wa miaka 45 hadi 79. Hasa ulikuwa mradi wa magoti, lakini nyonga nazo zilipigwa picha, mwanzoni na tena baada ya miaka minne. Hesabu mwenyewe, hadi nyonga 9,592 kwa awamu ya kwanza tu. Nilizipakia Ijumaa jioni nikaenda kulala. Jumatatu jedwali liko tayari na tiki za kijani zimejipanga kama mchicha. Nilimpigia mama mdogo kumwambia kazi ya mwaka imekwisha kwa siku tatu. Akasema alhamdulillahi, sasa urudi tukuoze.

Sasa sikilizeni.

Kwenye jedwali nikaona kitu. Lile kundi la nyonga zilizokuwa mbaya kuliko zote mwanzoni, zile za daraja la 4, baada ya miaka minne uwazi wao kwa wastani umeongezeka. Umeongezeka! Gegedu halioti tena, kila mtu anajua, lakini mwanafunzi wa uzamivu akiona namba nzuri akili yake hutoka ikaenda kuchuma maua. Nikatengeneza slaidi. Nikachora mshale unaopanda juu. Nikasimama mbele ya idara nzima na suti niliyoazima, nikasema huenda tuna dalili ya kiungo kujirekebisha.

Kulikuwa na daktari mmoja mzee wa mionzi, haongei sana kwenye vikao. Akaomba nifungue picha moja tu, ya yule ambaye uwazi wake umepanda kuliko wote. Namba zake nazikumbuka kama namba ya simu ya mkopeshaji: mwanzoni 1.3, daraja 4. Baada ya miaka minne 6.3, daraja 0. Afya tele. Tiki ya kijani. Nikafungua.

Ilikuwa nyonga bandia. Chuma kitupu. Mpira mweupe unang'aa kama taa ya meli, shina la chuma limezama katikati ya mfupa wa paja, bakuli la chuma juu yake. Na programu ilikuwa imezungushia vitone vyake vya rangi kwa adabu kabisa, imechora "kichwa cha mfupa", imechora "kikombe", ikapima kilichopo katikati, ikaandika: hakuna dalili za ugonjwa.

Watu hawakucheka. Afadhali wangecheka. Walitazama meza.

Nyota moja.

Usiku nikampigia tena mama mdogo. Yeye mwenyewe ana chuma nyonga ya kulia, alibadilishiwa Dar miaka ya nyuma, na eksirei yake aliwahi kunitumia WhatsApp, kaipiga picha imeegemezwa dirishani, na mwembe unaonekana nyuma yake. Nikamsalimia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, kwani hiyo kompyuta haijui chuma?" Haijui, mama mdogo. "Hata mimi nilikijua, na sikusoma."

Nimetafuta kuelewa, kwa sababu hasira bila kuelewa inakula usingizi tu. Programu za namna hii nyingi zimejengwa juu ya wazo la miaka ya 1990 la akina Tim Cootes na Chris Taylor wa Manchester, ambao hawana kosa lolote hapa. Hii niliyotumia ni ya watu wengine kabisa. Unaifundisha kompyuta kwa nyonga nyingi ambazo binadamu amezizungushia vitone kimoja kimoja. Inajifunza nyonga ya wastani ina umbo gani, na inaruhusiwa kupinda kiasi gani kutoka kwenye wastani huo. Ikipata picha mpya inatafuta kingo, kisha inavibana vitone vyake vikae ndani ya umbo linalokubalika. Ni akili nzuri sana kwa picha yenye ukungu, kwa mgonjwa mnene, kwa fupanyonga iliyokaa upande. Pasipoonekana vizuri, umbo linajazia. Lakini kitu kinachojua mfupa peke yake, ukikipa chuma kitakuchorea mfupa. Kikipewa sufuria nadhani kitatafuta pa kuanzia. Tena chuma kina kingo kali na mpira wake ni wa duara kamili kuliko kichwa chochote alichokiumba Mungu, ndiyo maana, naamini, tiki ilitoka nene vile.

Hilo ningelisamehe. Ambacho sijasamehe ni barua pepe.

Niliwaandikia kwa heshima, nikaambatisha namba ya picha, nikauliza kwa nini mfumo hausemi "sijui". Baada ya siku kadhaa nikajibiwa mistari miwili. Mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa, na mwongozo unaeleza kwamba picha zenye vifaa vya upasuaji zisiingizwe. Tiketi imefungwa. Nikafungua nyingine. Safari hii alipiga simu kijana mmoja, sauti laini, akaniuliza: "Kwani huko kwenu hakuna mtu anayeangalia picha?"

Huko kwenu! Sijui alimaanisha idarani au alisikia lafudhi yangu. Nimelizungusha swali hilo kichwani wiki nzima. Idara imenunua kitu cha kuangalia picha ili mimi nisiangalie picha, halafu muuzaji ananiuliza kama niliangalia picha. Huyo muuza mwavuli anakwambia mwongozo unasema usitumike wakati wa mvua.

Haya. Na niseme la kweli, maana yule mzee wa mionzi anaweza kusoma hapa. OAI wana orodha ya waliobadilishiwa viungo. Iko wazi, ni faili tofauti, nilikuwa nimeishusha, ilikuwa kwenye folda yangu. Sikuiunganisha na jedwali. Kwa hiyo nusu ya kosa ni langu. Robo. Tuseme robo, kwa sababu hata bila faili hiyo, kitu kinachodai kutoa daraja la ugonjwa kinatakiwa kujua kwamba mbele yake hakuna kiungo cha kuugua.

Halafu kuna jambo limenivuruga. Juzi nilirudi kwa yule mzee, nikitegemea tuisengenye programu pamoja. Akafungua picha ileile, akachukua rula ya kwenye skrini, akapima mwenyewe ule uwazi mweusi kati ya mpira na bakuli. 6.2. Programu ilisema 6.3. Akaniambia huo weusi si hewa, ni plastiki, polithini ngumu inayowekwa kama bitana, na plastiki haionekani kwenye eksirei kama ambavyo gegedu halionekani. Kumbe nayo husagika. John Charnley kule Wrightington, Uingereza, alianza na teflon ikasagika haraka haraka, mwaka 1962 akahamia polithini, na mpaka leo kuna watu kazi yao ni kupima milimita za plastiki inayoliwa. "Namba yako ni nzuri," mzee akasema. "Swali ndilo si lake."

Sasa mimi nifanye nini na hiyo? Nilitaka mwizi, naoneshwa fundi. Nilikaa nikapitia kwa macho nyonga zote ambazo uwazi umepanda zaidi ya milimita moja. Vyuma vilikuwa kadhaa, vyote na tiki. Zilizobaki, zile za mfupa, vitone vimekaa vizuri kuliko ambavyo mkono wangu ungeviweka saa tisa usiku. Niliondoa vyuma, mshale wangu ukashuka, matokeo yakawa ya kawaida, ya kuchosha, na nadhani ya kweli. Nyota nne basi. Nyota nne kwa vitone, sifuri kwa tiki.

Kama unataka kuinunua, panga safu ya mabadiliko kuanzia kubwa kwenda ndogo, na uzifungue za juu mwenyewe kabla hujaazima suti.

Mwezi uliopita leseni ilikaribia kuisha, wakatuma fomu: kuanzia 0 hadi 10, ungempendekezea mwenzako? Niliweka 7. Nikakumbuka "huko kwenu", nikafuta, nikaweka 2. Fomu ikanijibu asante, ikatoa tiki ya kijani.

Nikaomba idara ilipie mwaka mwingine.