Toyota Noah ya zamani gia zinasumbua: uanze na stiki ya kupimia oili ya gia boksi au mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari?

Wengi hapa Dodoma gari ya oto ikianza kugonga ukiweka D, au ikiunguruma RPM (mizunguko ya injini) zinapanda na haiendi, wanakimbilia mashine. Mimi naona stiki kwanza, tena haikugharimu kitu: paki pasipo na mwinamo, gari iwe imeshatembea ikapata moto, injini inawaka, kanyaga breki upitishe gia zote taratibu urudi P, ndo uchomoe stiki ufute upime tena. Oili ikiwa nyekundu na ipo kwenye alama ya HOT (ya oili yenye moto) poa, ikiwa nyeusi inanuka kuungua basi klachi za ndani zinaisha na hiyo mashine haiwezi kuinusa.

Ila mashine ina kazi yake jamani, hasa taa ya O/D OFF (ya overdrive, pale kwenye dashibodi) ikipepesa yenyewe, maana hapo kompyuta imeshika kosa, mara nyingi solenoidi (vali za umeme za gia boksi), sensa au waya tu, na oili inaweza kuwa safi kabisa. Tatizo Noah za zamani sio kila mashine inazisoma, muulize fundi kabla hujalipa. Na kama unaenda Iringa kwa njia ya Mtera, usipande milima ya Nyang'oro na gia inayoteleza, tafadhali.