Blogu Yangu ya WordPress Baada ya Miaka Mitatu: Uzoefu wa Mshona Mikoba

Nauza mikoba, pochi na mikanda ya ngozi ninayoishona mwenyewe kwa mkono. Sina duka la mtu kuingia kwa miguu. Kila ninachouza nakiuzia mtandaoni. Miaka mitatu iliyopita nilifungua blogu yangu, yenye jina langu la tovuti (ile anwani ambayo watu huiandika kuifikia) na inayoendeshwa na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na tangu hapo wenzangu wenye biashara ndogondogo hawaachi kuniuliza: kuna haja gani ya kujitesa na blogu wakati ukurasa wa mtandao wa kijamii unafunguliwa bure kwa dakika tano? Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, na kwa kirefu. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nitaieleza.

Nianze na swali lililonifikisha hapa. Karibu kila wiki nilikuwa napokea ujumbe wa namna hii: "Samahani dada, mkoba wangu umelowa mvua, sasa umekakamaa. Nifanyeje?" Nami najibu. Namwambia asiuanike juani wala asiusogeze karibu na moto, kwa sababu joto kali huikausha ngozi haraka, ikasinyaa na baadaye ikapasuka. Aupanguse kwa kitambaa kikavu, ajaze ndani karatasi zisizo na maandishi ili mkoba usipoteze umbo na wino usihamie kwenye bitana, auache kivulini penye hewa siku moja au mbili, kisha aupake mafuta ya ngozi kidogo kidogo. Hilo ni jibu ninalolijua kwa vidole vyangu. Lakini nikishalituma linazama kwenye mazungumzo ya watu wawili, na wiki inayofuata mwingine ananiuliza vilevile, naanza upya. Nikiliweka kama stori, baada ya saa 24 halipo. Nikiliandika chini ya picha kwenye Instagram, nafasi inaishia herufi 2,200, na kiungo ukikiweka hapo hakibonyezeki. Nilikuwa naandika sana, kila siku, na mwisho wa mwezi sina hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha mtu.

Kilichonisukuma zaidi ni kufungiwa akaunti. Asubuhi moja nilikuta ukurasa wangu kwenye mtandao niliokuwa nautegemea umefungwa, na maelezo ni sentensi moja tu kwamba nimekiuka taratibu. Nilikata rufaa, nikasubiri siku tisa, ukafunguliwa bila kuambiwa kosa lilikuwa lipi. Siku hizo nilikuwa na oda sita mkononi na namba za wateja wawili tu, kwa kuwa wengine wote niliwajua kwa majina yao ya humo humo. Nililia, sioni haya kusema. Na mtandao wowote unaweza kukuacha njiani hata usipokuwa na kosa: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na Aprili 2019 Google ilifunga Google+ kwa watumiaji wa kawaida na kurasa zao zikafutwa. Ukijenga kibanda kwenye kiwanja cha mtu, siku akikitaka kiwanja chake unabeba mabati yako.

WordPress ilianza mwaka 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, na ni programu huria: unaichukua bure, unaiweka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuwafikishia wasomaji, ya kampuni yoyote unayoilipa. Wageni wengi huchanganya mambo hapa. Kuna WordPress.com, ambako unaandaliwa kila kitu na kutunziwa, na kuna programu yenyewe inayopatikana WordPress.org, ambayo unaisimika mwenyewe. Nilichagua ya pili. Inadai ujifunze zaidi, lakini mali yote ni yako: makala, picha, maoni ya wasomaji, orodha ya barua pepe. Niliyathibitisha hayo mwaka wa pili, pale kampuni niliyokuwa nimepanga seva ilipokuwa ikizimika kila mwisho wa juma na ujumbe wangu haujibiwi. Nilipakua nakala ya kila kitu, nikaipandisha kwa kampuni nyingine, nikaelekeza jina la tovuti huko. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Wasomaji waliendelea kuja kwa anwani ileile, na sidhani kama kuna aliyejua kwamba nimehama.

Makala ya kwanza ilikuwa lile jibu la mvua. Nilichukua pochi kuukuu, nikailoweka makusudi, nikaipiga picha kila baada ya saa chache mpaka ikakauka. Kichwa nilikiandika kwa maneno ya wateja, si ya mafundi: "Mkoba wa ngozi umelowa: ufanye nini saa ya kwanza". Mwezi wa kwanza ilisomwa na watu kumi na mmoja. Wa pili, kumi na tisa. Hapa ndipo wengi wanapoacha, na siwalaumu, maana picha moja kwenye mtandao wa kijamii ilikuwa inanipa mioyo mia tatu kabla sijamaliza kunywa chai.

Kilichonizuia kuacha ni Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani watu waliyatafuta hadi tovuti yake ikawatokea, imetokea mara ngapi, imebonyezwa mara ngapi, na ilikuwa nafasi ya ngapi. Kinatunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo unaweza kulinganisha msimu huu na ule wa mwaka jana. Mwezi wa tano niliona mstari umeanza kupanda. Na katikati ya maneno niliyoyatarajia kulikuwa na fungu moja lililonishangaza: "ukungu mweupe kwenye mkoba wa ngozi". Ukungu nilikuwa nimeutaja mara moja tu, mwishoni kabisa mwa makala ya mvua. Watu walikuwa wanaitafuta makala ambayo bado sijaiandika.

Nikakaa jioni mbili nikaiandika. Nilieleza kwamba ukungu hustawi penye giza na unyevu, kwamba mkoba upanguswe nje ya nyumba ili vumbi la ukungu lisisambae ndani, kwamba dawa yoyote ijaribiwe kwanza kwenye kona isiyoonekana, na kwamba mkoba uhifadhiwe kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, si wa plastiki. Leo hiyo ndiyo makala yangu inayosomwa kuliko zote. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza jambo hilo uso kwa uso; nadhani watu huona aibu kusema mkoba wao umeota ukungu. Kwenye kisanduku cha kutafutia, ambako hawamwoni mtu, wanaandika. Hili kwangu ndilo la thamani kuliko yote. Kwenye mtandao wa kijamii namkuta mtu akiangalia mambo yake, namwomba anitupie jicho. Anayetafuta amekuja mwenyewe, tayari ana shida mkononi, na shida yake ni kazi yangu.

Je, inauza? Inauza, ila kwa kuzunguka. Mama mmoja aliyenunua mkoba wa kazini aliniandikia hivi: "Nilisoma ulivyoeleza kwamba kuna ngozi inayotengenezwa kwa kusaga mabaki na kuyagandisha na gundi, nikaenda kuangalia mkoba wangu wa zamani pembeni. Kweli, unamenyuka kama ganda." Hakuomba nimthibitishie kwamba ngozi yangu ni halisi, hakuuliza kwa nini wangu ni ghali kuliko wa jirani. Aliuliza rangi tu. Wanaokuja kupitia blogu wako hivyo karibu wote: mazungumzo ambayo zamani yalinichukua siku tatu, wameshayamaliza wenyewe kwa kusoma, usiku, mimi nimelala.

Makala niliyoiogopa kabla ya kuichapisha ilikuwa ile ya kuwaambia watu wasiofaa kununua ngozi. Niliandika wazi kwamba mtu anayetaka mkoba wa kufua kwa maji na sabuni kila wiki anunue wa turubai, na kwamba anayetaka mwepesi wa safari atachoka na wa ngozi. Nilidhani nafukuza wateja. Nilipokea barua za shukrani kutoka kwa watu ambao hawakununua chochote, na baadaye wawili kati yao wakaniletea ndugu zao.

Njia hii si ugunduzi wangu. Huko Virginia, Marekani, Marcus Sheridan na wenzake walikuwa na kampuni ndogo ya mabwawa ya kuogelea iliyoyumba vibaya baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008. Akaanza kujibu kwa maandishi, kwenye tovuti ya kampuni, kila swali alilowahi kuulizwa na wateja, pamoja na lile linalokwepwa na wauzaji wengi: bwawa linagharimu kiasi gani. Kampuni ikainuka, na wasomaji wa makala hizo ndio waliokuwa wanunuzi. Niliposoma habari zake nilichukua daftari, nikarudi nyuma kwenye ujumbe wangu wote wa miaka miwili, nikaandika kila swali. Yalikuwa 43. Mpaka leo nimejibu 31, na sijawahi kukaa mbele ya skrini nikijiuliza niandike nini.

Sasa ile nyota niliyoizuia. WordPress ya kujisimikia ina kazi za nyumbani zisizoisha. Kuna masasisho ya programu, ya kiolezo (kinachoipa tovuti sura yake) na ya programu-jalizi (programu ndogo za kuongezea tovuti uwezo), na siku moja sasisho la programu-jalizi ya fomu liliifanya tovuti nzima iwe ukurasa mweupe. Niliokolewa na nakala rudufu ya usiku uliopita. Tangu hapo nina programu-jalizi tano tu, na sigusi sasisho kabla sijachukua nakala. Maoni taka nayo yalinitesa, mamia kwa wiki, matangazo ya kamari na dawa, mpaka nilipowasha Akismet, programu-jalizi inayochuja maoni taka. Na picha: nilikuwa napandisha zilivyotoka kwenye simu, megabaiti tano kila moja, na mtu mwenye intaneti dhaifu alikuwa anaona ukurasa unajijaza kipande kwa kipande. Sasa nazipunguza hadi chini ya kilobaiti 200 na hakuna aliyeona tofauti kwenye skrini ya simu. Haya yote nilijifunza baada ya kuumia, wakati yangeweza kuelezwa siku ya kwanza.

Muda nao ni gharama. Makala nzuri hunichukua jioni mbili, na nimetulia kwenye mbili kwa mwezi. Niliwahi kujaribu kuandika kila siku kwa wiki tatu, yakawa maneno matupu. Niliwahi pia kumlipa mwandishi wa kukodi aniandikie kumi kwa mkupuo. Zilikuwa zimepangika vizuri, hazina kosa la tahajia, na hazikuwa na kitu ndani: ngozi ni nyenzo ya kuvutia, mkoba humpendeza kila mtu. Hakuwahi kushika ngozi iliyolowa. Wasomaji hawakuzisoma, nami nilizifuta zote isipokuwa moja niliyoiandika upya kwa mkono wangu.

Ukurasa wa mtandao wa kijamii sijaufunga, na sishauri mtu afunge wake. Kule ndiko watu wananiona mara ya kwanza, na kule ndiko naweka picha ya kazi mpya ikiwa bado na nta kwenye mshono. Kilichobadilika ni kwamba swali likiulizwa kule, najibu kwa sentensi mbili na kumtumia mtu kiungo cha makala. Mwishoni mwa kila makala kuna sehemu ya kuacha barua pepe. Orodha si kubwa, ina watu 640, lakini nina nakala yake kwenye kompyuta yangu, na siku akaunti ikifungwa tena nitawaandikia wote kabla ya saa sita mchana.

Ukiamua kuanza, jambo moja nakusihi kuliko mengine yote: jina la tovuti lisajili kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama kazi ya kutengeneza umempa fundi. Rafiki yangu anayeuza nguo za watoto alimwachia fundi asajili kila kitu. Walipokosana, jina likabaki kwa fundi, na yeye akaanza upya na jina jingine huku kadi zake zote zikiwa zimechapishwa la zamani. Langu nimelilipia miaka mitano mbele, na tarehe ya kulihuisha nimeibandika ukutani juu ya meza ya kushonea.