Tathmini ya darasa la nidhamu ya kanisa: Jumamosi sita karibu na Jogoo Road

Kwa Jumamosi sita mfululizo nimehudhuria darasa la wazee wa kanisa na mashemasi linaloendeshwa katika ukumbi wa kanisa moja karibu na Jogoo Road, hapa Nairobi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwa ada ya shilingi 1,500 ambayo ni pamoja na kijitabu cha kurasa 48. Mada yake ni moja: kanisa lifanye nini dhambi ya wazi inapokaa ndani yake bila kukemewa, na mafundisho ya uongo yanapopewa mimbari. Nawaandikia wazee wenzangu ambao wameulizia kama darasa hilo linastahili muda na fedha zao. Linastahili, ingawa lina upungufu mmoja mkubwa ambao sitauficha.

Nilijiandikisha kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu. Miaka miwili iliyopita tulimkaribisha mhubiri mgeni kwa mkutano wa siku tatu, na siku ya pili akaanza kuuza mafuta katika vichupa, shilingi 500 kila kimoja, akisema kwamba mgonjwa mwenye imani akijipaka asubuhi na jioni hahitaji tena dawa. Wazee wote tulikuwa tumeketi mstari wa mbele, na hakuna aliyesimama. Mama mmoja wa ushirika wetu, mwenye ugonjwa wa kisukari, aliacha sindano zake, na kabla ya mwezi kuisha jirani zake walimpeleka hospitalini akiwa hajitambui. Mungu alimrehemu akapona, lakini hakurudi kanisani, na sisi hatukumfuata.

Kazi ya nyumbani ya wiki ya kwanza ilikuwa kupekua kumbukumbu za vikao vya baraza la wazee na kutafuta jambo moja zito ambalo halikuamuliwa. Nilikwenda ofisini Jumatano jioni nikafungua kile kitabu chenye jalada jeusi. Suala la mafuta limo katika vikao vitano, na mara zote tano linamalizika kwa maneno yale yale: “Suala hili litajadiliwa katika kikao kijacho.” Katika kikao cha sita halimo kabisa. Katika ukurasa huo huo tulijadili rangi ya lango, tukaikubali, tukapitisha malipo ya fundi, yote jioni moja. Mwandiko ni wangu, kwa maana mimi ndiye katibu. Nilikaa na kitabu hicho mpaka mlinzi alipokuja kuniuliza kama afunge.

Somo la wiki ya pili ndilo moyo wa darasa zima, na hata kama mengine yangekuwa hafifu, hilo peke yake lingetosha kulipia ada. Mwalimu, mchungaji mstaafu mwenye sauti ya chini, alitusomesha barua za Ufunuo sura ya pili katika Biblia ya Muungano ya 1952, akatutaka tuziangalie kauli zake kana kwamba hatujawahi kuzisikia. Kanisa la Efeso linasifiwa kwa kuwa haliwezi kuchukuliana na watu wabaya, na kwa kuwa liliwajaribu waliojiita mitume likawaona kuwa waongo. Kisha akatufungulia Waraka kwa Waefeso sura ya nne, ambako Wakristo wanaagizwa wawe wanyenyekevu na wapole, wakichukuliana katika upendo. Neno ni lile lile. Kanisa moja linaagizwa kuchukuliana, na linasifiwa kwa kutochukuliana, wala hakuna mgongano, kwa sababu anayechukuliwa katika Waefeso ni ndugu dhaifu anayejikwaa na kuinuka, na anayekataliwa katika Ufunuo ni mwalimu anayewaongoza wengine katika uovu na kuuita utume. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minne, na sijawahi kuona jambo hili likielezwa kwa uwazi namna hiyo.

Kutoka hapo tulikwenda Thiatira. Kanisa hilo linasifiwa kwa upendo, imani, huduma na subira, na matendo yake ya mwisho yanatajwa kuwa yamezidi yale ya kwanza, maana yake lilikuwa kanisa linalokua, kanisa ambalo hapa Nairobi tungelipeleka wageni walione. Hata hivyo linalaumiwa kwa neno moja, kwamba lamridhia yule mwanamke Yezebeli ajiitaye nabii. Kuridhia ni zaidi ya kushindwa kuzuia. Anayeridhia amekwisha kutoa kibali chake moyoni, hata kama mdomo haujasema lolote. Mwalimu alituuliza ni mara ngapi tumeita subira kile ambacho Bwana angekiita kuridhia, na ukumbi ukanyamaza.

Naongeza la kwangu hapa. Utamaduni wetu unamsifu mvumilivu na kumwahidi mbivu, nao unatufundisha pia kufunika kombe ili mwanaharamu apite. Methali hiyo ya pili tumeiingiza katika vikao vya wazee bila kuipima. Mwanaharamu wa methali anapita njia akaenda zake. Mwalimu wa uongo hapiti, anapewa kiti, kisha anapewa darasa la vijana.

Wiki ya tatu ilishughulikia maneno ambayo hutumiwa kuwanyamazisha wanaouliza. Lililochukua muda mrefu zaidi, na kwa haki, ni lile la “msiwaguse masihi wangu,” ambalo kila Mkristo wa jiji hili amewahi kulisikia likitamkwa mhubiri anapoulizwa kuhusu fedha au mwenendo wake. Tulisoma Zaburi ya 105 yote, na ikaonekana wazi kwamba maneno hayo yanahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga kati ya mataifa, Mungu akiwakemea wafalme wasiwadhuru. Zaburi hiyo inamlinda msafiri asiye na nguvu dhidi ya mwenye nguvu, nasi tumeigeuza ikawa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mama mwenye kisukari. Kuhusu mfano wa ngano na magugu, tulioneshwa kwamba Yesu mwenyewe, katika Mathayo 13, anasema konde ni ulimwengu, kwa hiyo mfano huo hauwezi kufuta agizo la Paulo katika 1 Wakorintho 5, ambako kanisa linaambiwa lisijishughulishe kuwahukumu walio nje, bali walio ndani. Katika sura hiyo kilichomuumiza Paulo hakikuwa tu mtu aliyemchukua mke wa baba yake. Ni washirika waliobaki wamejivuna badala ya kusikitika.

Wakati wa mapumziko siku hiyo, mama aliyekuwa akitupikia mandazi aliitwa mbele aeleze kuhusu hamira, kwa kuwa sura hiyo hiyo inasema chachu kidogo huchachua donge zima. Alisema kwa ufupi: “Mwalimu, kabla sijakanda naweza kuiacha. Nikishakanda, siwezi kusema hii nusu ina hamira na hii haina.” Mwalimu hakuongeza neno juu ya hayo, na alifanya vyema.

Somo la nne, juu ya mafundisho ya uongo yenyewe, lilianza kwa nguvu likaishia kwa unyonge. Lilianza na mambo tuliyoyaona kwa macho yetu: mwaka 2014, runinga ilipoonesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyokuwa akiwaosha watu miguu kwa dawa inayobadilisha maji kuwa mekundu, huku akidai shilingi 310 za “mbegu”, kisha msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha wafunge hadi kufa. Jambo hilo la pili lilizungumzwa kwa heshima iliyostahili. Tulikumbushwa kwamba mafundisho ya kukataa shule na hospitali yalikuwa yakisikika miaka kadhaa kabla ya msitu kufukuliwa, na kila mmoja akaulizwa ni kauli gani ya kwanza, ndogo, ambayo kanisa lake liliiacha ipite. Kila mtu alikuwa na jibu. Baada ya hapo, kwa bahati mbaya, zaidi ya saa nzima ilitumika kujadili Wanikolai, kundi linalokemewa katika Ufunuo sura ya pili, walikuwa akina nani. Ireneo, askofu na mwandishi wa karne ya pili, aliwahusisha na Nikolao wa Matendo 6, lakini Maandiko yenyewe yanasema machache mno juu yao, na muda huo ungetumika vizuri zaidi kutufundisha jinsi ya kuyapima mahubiri ya Jumapili iliyopita.

Wiki ya tano ilirudisha hadhi ya darasa. Utaratibu wa Mathayo 18 tuliupitia hatua kwa hatua: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili pamoja nawe, kisha kanisa. Tukaongeza 1 Timotheo 5, kwamba shtaka juu ya mzee halipokelewi bila mashahidi wawili au watatu, jambo linalomlinda kiongozi dhidi ya uvumi, na kwamba wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, jambo linalolilinda kundi dhidi ya kiongozi. Nililofaidika nalo zaidi ni tofauti kati ya kosa la faragha na fundisho la hadharani. Paulo alimpinga Petro pale Antiokia mbele ya wote, kwa kuwa Petro alikuwa amewavuta wengine katika unafiki hadharani. Sisi tulikuwa tumejificha nyuma ya Mathayo 18 tukisema tutamwona mhubiri faraghani, ilhali mafuta yalikuwa yameuzwa mbele ya watu mia mbili.

Upungufu niliouahidi uko katika wiki ya sita. Kurejesha aliyetubu kulipewa dakika arobaini tu, mwishoni, watu wakiwa wameshafunga mikoba. Wakorintho walipomwadhibu yule mkosaji, Paulo aliwaandikia wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Kanisa linalojifunza kufukuza bila kujifunza kupokea litakuwa limeihama Thiatira na kuhamia Efeso iliyouacha upendo wake wa kwanza. Zaidi ya hayo, hakuna aliyetueleza la kufanya dhambi inapokuwa pia jinai. Shemasi mmoja mwanamke aliuliza kuhusu mwalimu wa Sunday school anayemdhulumu mtoto, akajibiwa kwamba utaratibu ni ule ule wa Mathayo 18. Jibu hilo si sahihi, na ni la hatari. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana tangu 2006, na jambo la namna hiyo linapelekwa polisi siku hiyo hiyo, na mtoto anapelekwa hospitalini, kabla baraza la wazee halijaita kikao. Nilimwandikia mwalimu barua juu ya hili, naye akanijibu kwa unyenyekevu kwamba atalirekebisha katika awamu ijayo. Anayejiandikisha na aulize kama limerekebishwa.

Kijitabu kimeandikwa kwa Kiswahili kizuri, lakini herufi zake ni ndogo mno kwa wazee wenye umri wangu, na ukurasa wa 31 unataja Tito 3:1 mahali ilipopaswa kuwa 3:10. Ukumbi unafikika kwa matatu yoyote ya Jogoo Road. Awamu moja huchukua watu thelathini, na nafasi hujaa mapema.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mimi na mwenyekiti wa baraza tulikwenda nyumbani kwa yule mama. Mwenyekiti alimwambia, “Mama, tulikuona ukinunua ile chupa tukanyamaza. Tumekuja kukuomba radhi.” Alituangalia kwa muda, akatuandalia chai, akatuonesha daftari la kliniki ambamo anaandika vipimo vyake vya sukari kila asubuhi. Hakusema kama atarudi. Kikao chetu ni Alhamisi, na nimeandika suala la mafuta liwe la kwanza katika ajenda.