Bikaboneti au stili waya kwa Pyrex za zamani?

Vyombo vya kioo vya Pyrex vilianza kuuzwa na kampuni ya Corning ya Marekani mwaka 1915, na vya zamani bado vinapika vizuri. Kinachowashinda wengi ni mafuta yaliyoungua pembeni mwa vishikio, na hapo ndipo mkono unapokimbilia stili waya.

Stili waya ni ya haraka, sikatai. Lakini liinue bakuli kwenye mwanga wa dirisha uligeuzegeuze: utaona michirizi myembamba kama nywele. Kioo kilichochubuka hakirudi. Uchafu hujificha humo, na hapo ndipo ufa hupenda kuanzia chombo kikipata moto. Kwa yale mabakuli meupe yenye rangi kwa nje, yaliyotoka miaka ya 1940 na kuendelea, hasara ni kubwa zaidi, maana rangi ikishatoka ndiyo basi.

Bikaboneti, yaani soda ya kuokea, inataka subira. Ichanganye na maji kidogo mpaka ishikamane, paka, acha nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa laini. Doa sugu utalirudia mara mbili tatu. Huondoa pia alama za kijivu za vijiko vya chuma, ambazo wengi hudhani ni mikwaruzo. Hakikisha tu ni ile ya kuokea. Dawa kali ya kuzibulia mabomba ni kitu kingine kabisa, inaunguza ngozi.

Mimi nachagua bikaboneti. Stili waya ibaki kwenye masufuria. Na kabla ya kutia maji, acha chombo kipoe kwanza.